Nasikia Mvua na Jua Linawaka

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, hii ya nne naimaliza hata ikiwa haina kichwa wala miguu, na ninachokuomba ni msaada, na usinicheke, maana wa kunicheka ninao wa kutosha hapa chuoni.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, nasoma shahada ya pili, na kazi yangu ni kutabiri mvua, yaani natumia kompyuta kukadiria mvua za msimu zitaanza siku gani ili mkulima ajue siku ya kutia mbegu ardhini. Mama yangu ni fundi cherehani na kwake hilo ni jambo kubwa kuliko ubunge, kila mteja anayeingia kupimwa gauni lazima aambiwe kwamba binti yake anajua mvua itanyesha lini, na kila asubuhi alikuwa ananipigia simu kuniuliza swali moja tu, "Nianike nisianike?", nami nacheka namwambia anika mama, hata kama sijaangalia kitu. Siku hizi simu yake siipokei. Nitaeleza kwa nini.

Mradi wetu una miguu mitatu kama stuli: utabiri wa mvua, afya ya akili ya wanafunzi, na ukuaji wa uchumi. Usiniulize nani alivifunga pamoja, wafadhili walivitaka vyote na profesa wetu hajui kusema hapana. Tunamwita Asilimia, si mbele yake lakini. Kwa Asilimia, mkulima akipanda siku sahihi mavuno yanaongezeka na uchumi unapanda kidogo, mwanafunzi akiwa na akili iliyotulia anafanya kazi zaidi na uchumi unapanda tena kidogo, na yeye anajumlisha. Ukimwambia umefiwa atakupa pole ya dhati kabisa, halafu atakuuliza kazi imebaki asilimia ngapi.

Chumba changu cha kazi ni cha mwisho ghorofa ya nne, dirisha moja halifunguki, na nyuma ya ukuta kuna kompyuta kubwa zinazofanya hesabu mchana kutwa. Juu yangu ni paa, na kwenye paa kuna kipimamvua, kile kikopo cha bati chenye mdomo mpana cha kukinga mvua ili upime imefika milimita ngapi. Kwenda huko kuna ngazi ya zege iliyozibwa kwa kamba ya katani tu. Kabla yangu chumba hiki kilikuwa cha kijana mmoja aliyeiandika programu yote ninayoitumia. Walimwita Kaka Sweta kwa sababu alivaa sweta hata joto likiwa la kuyeyusha mtu. Miaka mitatu iliyopita aliacha kuja. Nilipouliza yuko wapi niliambiwa amekwenda nyumbani kupumzika, na kila niliyemuuliza alijibu kwa neno hilohilo, kupumzika, halafu akakumbuka ana kikao.

Sasa mshauri, kwenye programu mtu anaruhusiwa kuandika maneno pembeni ya hesabu. Mashine haiyasomi, ni ya kumsaidia mtu atakayekuja baadaye. Kaka Sweta aliandika. La kwanza nilipoliona nilifurahi: "Karibu. Kiti kinalalia kushoto, weka kitabu chini ya mguu." Nikatazama, kweli kinalalia, nikaweka kitabu, nikasema huyu alikuwa mtu mwema. Nikaendelea na kazi. Wiki mbili baadaye nikafika sehemu nyingine, pameandikwa: "Ukifika hapa utakuwa umeacha kula mchana." Nikafungua droo. Chakula cha jana kilikuwamo na cha juzi kilikuwamo. Nikaifunga kwa goti.

Nilitaka kumwonyesha rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa naye meza moja, lakini mstari uliofuata ulisema, "Rafiki yako amehama meza," na kweli alikuwa amehama Jumatatu ile, alisema siku hizi naongea peke yangu na yeye hawezi kusoma. Ukafuata mwingine, "Mama amepiga na hukupokea," na simu ilikuwa bado inawaka hapo mezani, jina la mama juu yake. Mimi si mtu wa mambo ya mizimu, nimesoma fizikia, lakini niambie wewe, mtu aliyeondoka miaka mitatu iliyopita anajuaje kwamba mama yangu amepiga simu?

Halafu nikaanza kuisikia mvua. Saa saba mchana, jua linawaka, mapaa yanameremeta hadi macho yanauma, na mimi nasikia mvua ile ya kwanza ya msimu, matone makubwa makubwa kwenye bati, kwanza upande wa kushoto kisha juu ya kichwa. Nikasema ni uchovu. Kumbe hata hilo nilikuwa sijalifikia tu, kesho yake nikalikuta limeandikwa: "Utaisikia kwanza kushoto." Siku hiyo ndiyo ya mwisho niliyompokea mama. Nilitaka tu kusikia sauti ya mtu. Hakuniuliza kama aanike. Alisema, "Mwanangu, mbona huko kunanyesha hivyo? Umejikinga?" Nikakata simu, na sijampokea tena, kwa sababu mimi kuisikia ni jambo moja na mama yangu kuisikia ni jambo lingine kabisa.

Subiri, hata sijamaliza. Mguu wa pili wa mradi ni dodoso. Kila muhula wanafunzi wanajibu maswali kumi: unalala vizuri, unakula, una mtu wa kuongea naye, na kadhalika. Asilimia aliniomba niyapange majibu kwenye jedwali, eti mimi ni mtu wa namba. Nikakuta namba ya usajili ya Kaka Sweta. Mshauri, anajibu! Miaka mitatu hayupo na kila muhula anajibu kwamba analala vizuri, anakula vizuri, ana mtu wa kuongea naye. Nikashuka mbio kwa karani wa takwimu, akanicheka: "Hajibu yeye, dada. Mtu asiporudisha fomu, mashine inachukua jibu lake la mwisho inalirudia. Profesa hataki mapengo, pengo linaharibu ripoti." Nikamwambia lakini huyu hayupo. Akasema, "Kwenye jedwali yupo, na ni mzima."

Sasa nifike kwenye linaloniua. Programu imetoa jibu: mvua za msimu zinaanza Alhamisi hii, tarehe kumi na tisa. Ofisi nyingine zote za hali ya hewa zinasema bado wiki tatu. Asilimia amefurahi kama bwana harusi, Alhamisi saa tano kuna mkutano mkubwa, watakuja wa wizarani, watatangaza, na wakulima watapanda. Mvua isiponyesha mbegu zao zitakufa ardhini na mwaka umekwisha. Nami nimefika mstari wa Kaka Sweta unaosema: "Siku ikifika, panda ukaipime kabla ya mkutano. Ukiwaonyesha maji watakuamini." Chini ya hapo kuna ukurasa ambao sijaufungua. Naogopa.

Nimeshapanda mara mbili kujaribu. Ukuta wa pembeni huko juu unafika magotini tu, na upepo upo. Mara ya kwanza kikopo kilikuwa kikavu kina buibui. Mara ya pili kilikuwa kikavu, lakini mikono yangu ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko. Na jana nilipofungua programu nikakuta pembeni, chini ya maneno yake, neno jipya: "Karibu." Kompyuta inasema nimeliandika mimi saa sita na dakika kumi usiku. Sikumbuki.

Naomba uniambie, Alhamisi nipande? Nikipanda nikakuta maji, basi mimi ni mzima, programu iko sawa, na mama atakuwa na cha kuwaambia wateja wake. Nikimwambia profesa kwamba nina wasiwasi atauliza ushahidi wangu ni nini, nimwambie nini, maneno ya mtu aliyekwenda kupumzika? Maji yamenifika shingoni. Jina langu, la idara na la jengo uyafute. Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha, bahasha naileta mwenyewe kwa mlinzi wa gazeti lenu leo Jumatatu.

Ni mimi, binti wa ghorofa ya nne.

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, marahaba.

Usipande. Nimeliweka mwanzo kabisa ili hata ukiishia kusoma hapo uwe umepata ulichokuja kutafuta. Usipande Alhamisi, usipande siku nyingine, usiguse hata ile kamba.

Sasa nikugombeze, maana unastahili. Chakula cha siku mbili kwenye droo, binti mzima, umesoma fizikia! Mama anakupigia wewe unatazama simu inavyowaka! Unajua mama anayesusiwa simu anafikiria nini? Kuna gauni la mtu huko limeshonwa mkono mmoja juu mmoja chini kwa ajili yako. Na rafiki aliyehama meza umemwacha aende, hukumwambia hata "ngoja". Unaniandikia mimi, bibi usiyemjua, kurasa nne, na mtu wa meza moja hukumpa sentensi.

Haya, nimemaliza kugomba. Njoo tuongee.

Unauliza kijana yule alijuaje mambo yako. Hakujua. Wala hakuwa anakutabiria wewe, alikuwa anajiandikia yeye. Yeye ndiye aliyeacha kula mchana, ndiye aliyesikia simu ya mama yake ikilia akaiacha, ndiye aliyehamwa meza. Ukichukua mtu mwenye bidii ukamfungia chumba chenye dirisha lisilofunguka, mwezi baada ya mwezi, na anayemwamuru hajui neno isipokuwa asilimia, mtu huyo ataacha kula, ataacha simu, atabaki peke yake, kwa mpangilio huohuo. Wewe ndiye mtabiri, hilo ungeliona kabla yangu. Kuhusu mama yako kuisikia mvua kwenye simu, labda ni feni za zile kompyuta nyuma ya ukuta, labda sivyo. 

Lakini nina jambo la kukueleza, na heri ulisikie kutoka kwangu.

Sanduku la barua zangu hufunguliwa Jumatano. Leo asubuhi nimefungua yako, nimesoma kuhusu mvua ya saa saba na jua linawaka, chai ikanipoa mkononi. Nimewahi kuisoma barua hii. Si inayofanana nayo, mwanangu. Ni hii. Nikaingia stoo nikapekua makasha ya miaka ya nyuma hadi nikaipata, ya miaka mitatu iliyopita, kijana wa chuo, chumba cha mwisho ghorofa ya nne, anasikia mvua, anauliza apande paani akaipime au asipande. Na jibu langu nilikuwa nimelibana kwa pini juu yake. Nimelisoma leo kwa aibu. Nilimwambia masomo yana majaribu. Nilimwambia avumilie, wazazi wanamtegemea, afanye kazi kwa bidii na mawazo yatapungua yenyewe. Nilikuwa na barua kumi na mbili wiki ile, yake nikaipa mistari sita.

Jibu lile lilichapishwa Jumamosi. Yeye alikuwa ameshapanda siku chache kabla.

Leo nimepiga namba aliyoiacha kwenye barua yake, ikapokelewa na dada yake. Nilipojitambulisha aliniuliza, "Wa mistari sita?", nikajua ananijua. Kaka yako huyo yu hai. Alidondoka kutoka paani hadi kwenye baraza la ghorofa ya tatu, akavunjika nyonga, na sasa anatembea na fimbo na anafundisha watoto wa jirani hesabu sebuleni kwa dada yake. Kutoka chuoni hajapigiwa simu na mtu hata mmoja. Nikaomba niongee naye. Nikamwambia kuna binti amekaa kwenye kiti chako. Hakuniuliza nani, hakuniuliza lini. Alisema, "Amefika wapi?"

Nikamsomea barua yako, ndipo akaniambia neno ambalo nataka ulisome taratibu. Wiki zile za mwisho alikuwa akisikia mvua, anaandika kwenye kompyuta kwamba imenyesha. Milimita kumi na mbili, milimita thelathini, na kikopo kikavu. Alikuwa ameshaiandika programu iamini kikopo cha paani kuliko vituo vingine vyote, kwa kuwa ndicho alichokisoma kwa macho yake. Na tangu adondoke hakuna aliyekisoma. Karani wenu alikuambia mashine inafanya nini na pengo: inachukua jibu la mwisho, inalirudia. Kwa fomu za wanafunzi na kwa mvua, sheria ni ileile moja. Mwaka wa kwanza imerudia mvua yake, wa pili imerudia, na mwaka huu imekuletea wewe. Alhamisi yako ni tarehe kumi na tisa. Alidondoka tarehe kumi na tisa ya mwezi huuhuu.

Kwa hiyo mvua wanayotaka kuitangaza saa tano haiko mawinguni, mwanangu. Iko kichwani mwa kijana aliyekuwa mgonjwa, na watu wazima wenye suti wanataka wakulima waifuate na mbegu zao. Ulisema huna ushahidi. Ushahidi ni huo, fungua faili la kikopo cha paani, linganisha miaka mitatu, utaona namba zilezile siku zilezile. Usimpelekee Asilimia peke yako. Mimi nimeshampigia, na amenisikiliza vizuri hadi aliponiuliza una uhakika asilimia ngapi, hapo nikamwambia maneno ambayo mhariri hawezi kuyachapisha. Nimempigia na mkuu wa chuo, na wizarani pia. Mkutano hauna mvua ya kutangaza. Hilo limekwisha, litue.

Lililobaki ni wewe. Ukurasa ambao hujaufungua, usiufungue, hauna kitu. Nilimuuliza. Alisema hakuandika neno baada ya lile, hakurudi kwenye kiti. Lile "Karibu" uliloliandika lifute kwa mkono wako, asije mwingine akalikuta. Kisha ushuke ngazi, uende zahanati ya chuo, useme hivi: silali, sili, nasikia kisichokuwepo, na nimekwenda mahali pa hatari mara mbili. Useme kwa mpangilio huo na usipunguze neno. Siyo wazimu, ni ugonjwa, una dawa na una watu wake, na ukitibiwa mapema utarudi darasani ukiwa mzima, kwenye chumba kingine. Rafiki yako wa meza aende nawe. Mama nimempigia mimi, namba nimeipata kwa wenzako, amefunga cherehani na amekwishapanda gari. Yuko njiani.

Nimekupigia wewe pia mara nne leo mchana. Simu yako imezimwa. Nimefika hadi idarani kwako, mlango umefungwa, wanasema umeaga unakwenda kujiandaa kwa kesho, na hakuna anayejua unajiandaa wapi.

Ukurasa huu hutoka Jumamosi, kila mtu anajua. Nimegombana na mhariri hadi mishipa ya shingo imenisimama, na utatoka kesho Alhamisi, ukurasa wa mbele, kwa hiyo popote ulipo utauona. Na usipoliona gazeti, sawa. Mimi nina miaka sitini na nane, magoti yangu mabovu na mwili wangu siyo mdogo. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimekaa kwenye ile ngazi ya zege ya kwenda paani, katikati kabisa, na sitampisha mtu.